Dole Gumba la Hadija

Jumatatu, 5 Mei
Wapambe tisa wa mume wangu sebuleni tangu saa moja. Chai, maandazi, sifa za uongo. "Shikamoo, Mama Mbunge." Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili; cheo wanachokiona ni kuolewa.

Athumani, mwenye karakana ya samani Keko, kala maandazi matano. Anataka kumtoa Hadija, mjane wa marehemu kaka yake, kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Na Athumani ndiye anayemjazia mume wangu mikutano.

Jumanne, 6 Mei
Mume wangu hataki niende mahakamani na Hadija. "Mama Neema, kura za maoni hizi! Haki za wanawake si zina siku yake?" Jukwaani huniita mtetezi wa wanyonge. Anawapenda wanyonge wakiwa wengi na wakiwa mbali. Nimemdharau mpaka nikamwonea huruma. Kisha huruma ikaisha.

Alhamisi, 8 Mei
Nimekwenda.

Desturi ni hii: baada ya arobaini, ukoo hukaa kikao, humchagua msimamizi wa mirathi, na wote hutia saini muhtasari, mjane akiwemo. Athumani kaleta mahakamani muhtasari wenye jina lake kama msimamizi, akiomba athibitishwe. Mbele ya jina la Hadija, dole gumba la wino. Kikaoni hawakumwita. Walitumia dole la mtu mwingine, maana kwao muuza vitumbua wa Tandale kama Hadija hawezi kujua kalamu. Nilimfundisha mimi, darasa la watu wazima, miaka miwili.

Hakimu akampa kalamu. Akaandika jina lake lote, polepole, na la babu yake pia. Akageuka. "Shemeji, hilo dole la nani?"

Nyuma watu wakaangua kicheko. Ombi limekataliwa. Wajinga. Dharau imewafanya washindwe hata kughushi.

Ijumaa, 9 Mei
Sebule tupu. Mume wangu anapiga kelele kwamba nimemmaliza. Nilimsikiliza kama mtoto wa darasa la pili anayekana kuiba chaki. Akanyamaza mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya kanisa nikapita kwa Hadija. Kabadilisha kitasa. Tukakaa uani, tukachambua mchicha.

Nyumbani, siku ya tatu mume wangu hanisemeshi. Nimesoma gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo.