Gikeri Lako Sasa Linasimama

Baba,

Leo ni Jumamosi mchana. Mama anaota jua uani, na mimi nimekuja kukaa ndani ya gari lako, kwa sababu ndipo mahali pekee pa nyumba hii ambapo hakuna anayeniuliza kitu. Nimechoka. Najua barua haianzi hivyo, lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwandishi aanze kwa kueleza hali yake. Hali yangu ndiyo hiyo.

Kuna jambo hukulikuta. Miezi miwili baada ya kukuzika, mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wamemtengeneza, anatembea na magongo, lakini kila Jumanne na Ijumaa lazima aende kliniki kule Muhima kwa mazoezi, la sivyo mguu utakauka. Pikipiki hawezi kupanda. Ngazi ya basi ni ndefu kwake; mara ya kwanza tulipojaribu, kondakta alimvuta mkono na mimi nikamsukuma mgongoni, na abiria wote wakatutazama. Teksi tuliimudu kwa wiki tatu. Wiki ya nne mama alisema, bila kunitazama, "Gari la baba yako si lipo?"

Lilikuwepo. Lilikuwa chini ya turubai, pale pale ulipoliacha. Watoto wa mtaa wetu hapa Niboye bado wanaliita gikeri, chura, kwa sababu ya mgongo wake, na bado wanapita wakiupiga makofi ule mgongo.

Unanijua, baba. Mimi ni mtu wa kusoma karatasi mara mbili. Pale ghalani Masoro kazi yangu ni kuhakiki hati za mizigo inayoingia. Nikikosea tarakimu moja, lori zima linalala nje na jina langu linatajwa kwenye kikao cha asubuhi. Naota tarakimu. Sasa mtu kama huyo ukimwambia ashike usukani wa gari lenye umri mara mbili ya wake, amshushe mama yake ule mteremko wa kutoka mjini hadi Muhima, nini kitatokea? Usiku sikulala, na asubuhi nikasema, "Sawa, mama."

Nilikumbuka Jumapili zetu. Ulinichukua baada ya ibada ukanipeleka huko huko Masoro, kwa sababu Jumapili malori hayapo na barabara za viwanda ni pana. Ulivua koti, ukakunja mikono ya shati, ukaanza kufundisha kana kwamba una wanafunzi sitini. "Pedali ya breki haikanyagwi mara moja, mwanangu. Moja, unaiamsha. Mbili, unaiambia. Tatu, inasimama." Nilikanyaga mara tatu, na kweli likasimama. "Unaona? Hili gari linasikia. Ila linasikia kwa kuchelewa, kama bibi yako."

Na usukani ulikuwa hivyo hivyo. Kabla ya kona niuzungushe kwanza robo ya bure, ndipo magurudumu yaanze kufuata. Nilidhani magari yote yako hivyo. Nilidhani ndiko kuendesha kwenyewe. Miaka mingi baadaye, kwenye gari la chuo cha udereva, mwalimu aliniuliza kwa nini nakata kona kabla ya kona kufika.

Kulikuwa pia na ule mtindo wako wa mfereji. Gari ulilileta kutoka Ngara, ng'ambo ya mpaka, usukani ukiwa kulia, ukauhamishia kushoto kwa fundi wa bei nafuu kabla sijazaliwa, lakini mwili wako haukuhama. Ulikaa kushoto ukiliendesha kana kwamba gari lote bado liko upande wako wa kushoto, na magurudumu ya kulia yakawa yanalamba ukingo wa mfereji kutoka nyumbani hadi kanisani. Mama alikuwa nyuma, amelishika begi lake kwa mikono miwili. Tukikaribia taa za barabarani alihesabu pamoja na mguu wako, kwa sauti, "Moja, mbili, tatu." Nilicheka kila mara. Nilidhani ni mchezo wenu.

Basi nikalifunua turubai. Nilichaji betri, nikaliwasha, nikalitoa taratibu hadi kwenye njia ya mbele ya nyumba, si mbali zaidi, kwa sababu hati zake zilikuwa zimekwisha muda. Njia yenyewe unaijua, inateremka kidogo tu. Nikakanyaga moja. Nikakanyaga mbili. Nikakanyaga tatu, na pedali ikagusa sakafu ikabaki huko, na gari likaendelea kwenda. Nilifanya kitu kimoja nilichokijua kutoka kwako: nikalielekeza mferejini. Gurudumu la kulia likaingia, bawa, lile bati la juu ya gurudumu, likajikunja, gari likatulia. Nilikaa humo hadi jirani akaja kugonga kioo, "Dada, uko sawa?" Nikasema nilikuwa napaki.

Mama hakuona. Nami sikumwambia.

Nilimtafuta fundi wako wa Gatsata, Hamisi, yule Mtanzania wa Kigoma mwenye kofia ya kufuma. Alikuja na mkokoteni wa zana, akaingia chini ya gari, na kwa muda mrefu nikaiona miguu yake tu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha bomba la mpira, kimepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa.

"Dada, hili bomba ndilo lililokuwa linapeleka mafuta ya breki. Ukikanyaga, nguvu yako inaishia hapa. Na hizi breki za mbele ni zile za zamani, za ngoma. Ukishuka mlima mrefu zinachemka, zikichemka zinalala. Gari la kwenda sokoni Ngara hili, si la milima ya Kigali."

"Mbona baba aliliendesha miaka yote?"

Akacheka. "Baba yako alikuwa na mguu wa kulia na Mungu."

Mimi sikucheka. Nikamuuliza kama baba alijua. Akafuta mikono, akaipindua kofia yake, akajibu kwa upole, kama mtu anayekupa pole kwa mara ya pili: "Mzee nilimwambia. Si mara moja. Akaniambia, Hamisi, funga funga hapo, kwanza mtoto amalize chuo."

Nimekaa na maneno hayo miezi mitatu, baba. Nataka kukueleza ukweli kuhusu jinsi yalivyonifikia, kwa sababu ukiwa hai nisingethubutu. Watu wakiyasikia wananiambia, ona jinsi alivyokupenda. Najua. Tangu nizaliwe naambiwa nishukuru, na nimeshukuru, na sasa nimechoka kushukuru. Ningekaa nje ya chuo mwaka mmoja. Ningeuza vocha barabarani. Ungeniuliza. Badala yake ulituweka sote ndani ya kopo lisilosimama, ukanifundisha kuimba moja, mbili, tatu, na kila Jumapili nilicheka huku nikiwa mimi ndiye sababu.

Nilikuwa na hasira hivyo siku Hamisi aliponiuliza tufanye nini. Kulikuwa na bawa la kunyoosha, rangi, viti, breki, usukani; mshahara wa karani ukitazama orodha hiyo unataka kujificha. "Chagua," akasema. Nikamjibu aache kila kinachoonekana. Akatikisa kichwa. "Vizuri. Kwanza tusimame, halafu ndiyo tujifunze kugeuka."

Tukaanza na kusimama, na mama akaendelea kwenda kliniki kwa teksi za mkopo. Kwenye vipuri vya okazyo, vilivyotumika, Hamisi alipata breki za diski za mbele kutoka kwenye gikeri lililokufa, akanifundisha kuangalia unene wa diski na kupitisha kucha juu yake kutafuta mikwaruzo. Diski nilikubali ziwe za mitumba. Mabomba, pedi, raba na pampu ya breki nilikataa, hivyo vilinunuliwa vipya, na Hamisi akanitania mbele ya muuzaji, "Huyu dada anasoma boksi la pedi kama anasoma wosia." Breki za nyuma zilibaki za ngoma, ila kwa viatu vipya vya breki, zikasogezwa mahali pake. Mwezi uliofuata tukaingia kwenye usukani. Boksi lake jipya sikuliweza. Alibadilisha viungo vilivyolegea, akalikaza boksi la zamani kwa kipimo chake, akanionya lisikazwe zaidi, maana lingeng'ang'ania kona. Bado linacheza, upana wa vidole viwili, si robo tena. Ukaguzi limepita. Bawa bado limejikunja.

Ndipo likabaki jambo gumu kuliko yote. Usiku wa kuamkia Jumanne ya kwanza nilimsikia mama akipanga nguo za kliniki, akiimba, na nikajua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimefanya kile ulichofanya wewe. Nikaketi kando ya kitanda chake, nikamweleza kila kitu: pedali iliyogusa sakafu, mfereji, bomba, maneno ya Hamisi. Nikamweleza ni nini kipya na ni nini cha mitumba, na kwamba usukani bado unacheza kidogo. Nikasema, "Ukikataa kupanda, tutatafuta njia nyingine. Ni wewe utakayesema."

Mama aliendelea kukunja kitenge. "Wewe mtoto, unadhani nilikuwa nahesabu kwa furaha?"

Sikuelewa mara moja.

"Nilikuwa nasali. Moja kwa ajili yako, mbili kwa ajili yake, tatu kwa ajili yangu." Akakiweka kitenge chini. "Nilijua. Alijua kwamba najua. Hakuna aliyenieleza hata siku moja namna ulivyonieleza wewe sasa hivi. Kesho tunatoka saa ngapi?"

Tulitoka saa mbili. Na hapa utacheka, baba, popote ulipo. Tulishuka vizuri, polepole, mama mbele kwa sababu ya nyonga, hadi kwenye taa. Taa ikawa nyekundu. Mguu wangu ukafanya ulichoufundisha: moja. Lakini breki mpya haihitaji kuamshwa. Gari lilisimama papo hapo kama limegonga ukuta, mama akaning'inia kwenye mkanda akaita jina la Yesu, na nyuma yetu kukasikika mlio, kisha kishindo: motari wa pikipiki na abiria wake wametuingia kwenye bampa.

Alikuja dirishani na kofia yake ya pikipiki kichwani. "Madamu! Iko nini? Umeona simba?"

"Samahani, kaka. Taa ilikuwa nyekundu."

"Taa naiona! Lakini hii ni gikeri! Toka lini gikeri inasimama? Sisi wote tunajua, ukiwa nyuma ya gikeri uko na muda!"

Abiria wake, mama wa makamo mwenye kapu la nyanya, akasema huko nyuma, "Mwache, ni mwanafunzi."

Mama akainama mbele yangu hadi dirishani. "Kijana, umeumia?"

"Oya, hapana, maman. Sijaumia."

"Pikipiki imeumia?"

Akaigeukia, akaitazama. "Hapana."

"Basi mshukuru Mungu, na siku nyingine uache nafasi. Hili sasa linasimama."

Taa ikawa kijani. Mikono yangu ilikataa kuachia usukani. Mama alikuwa amejikamata nyonga, uso umekunjamana kwa maumivu, lakini akaniambia taratibu kabisa, "Usiiguse mara tatu tena. Mara moja, na upole. Yule hayupo."

Hivyo ndivyo ninavyojifunza upya, baba, Jumanne na Ijumaa. Nakusahau kwa mguu. Kila nikikanyaga mara moja tu, nahisi nimekukosea adabu. Kila nikilivuta gari mbali na mfereji, nahisi umekaa nyuma yangu ukitaka kusema kitu. Msimamizi wangu ghalani amenipa ruhusa ya asubuhi mbili kwa masharti ya kufidia jioni, kwa hiyo nafidia, narudi nyumbani nimekauka, nakagua mabomba kwa tochi ya simu kabla ya kula. Hofu haijaniacha. Sitarajii iniache. Lakini ni hofu inayojua inaogopa nini, na hiyo naweza kufanya nayo kazi.

Ijumaa hii, jana, kulikuwa na foleni kwenye mteremko wa Muhima. Tulikuwa tunasogea na kusimama, tunasogea na kusimama, mara ishirini labda, na malori mbele yetu yakitoa moshi. Nilikuwa namweleza mama habari za ghalani na nikaona hanijibu. Nikageuka kidogo. Alikuwa amelala, baba. Kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani, na begi limemdondokea miguuni.

Tulipofika kliniki sikumwamsha. Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikaweka gia, na bado mguu wangu ukabaki juu ya pedali, umeikanyaga, dakika kumi nzima. Tulichelewa mazoezi. Muuguzi alinigombeza, nikasema samahani, na sikumweleza sababu.

Hasira bado ninayo, sikufichi, ila leo ni ndogo kuliko wiki iliyopita. Mama ananiita, jua limemhama, anataka kiti kisogezwe. Pumzika, baba. Huku mlimani gari lako nimelishika.

Binti yako