Kahindo, Haukukataa Kunisikia

Kahindo, leki yangu, mudogo wangu wa tumbo moja,

Niko nakuandikia. Jana tumerudi kutoka Kampala, tukapita mupaka wa Kasindi, hata mizigo sijafungua. Mimi yaya yako Kambale, mukubwa wako, mwalimu, mutu wa kufundisha batoto ba wengine, kumbe sikujua kitu!

Nilipeleka Masika, binti yangu, kwa munganga wa kichwa. Yeye pia anasomaka muzuri, halafu katikati ya mustari ananyamaza, macho wazi, kisha anaendelea kama vile hakuna kitu. Ni vile ulikuwa unafanya mu classe yangu. Nilikuwa nakupigisha magoti mbele ya wenzako: "Kahindo, attention! Umesoma nini?" Haukujua. Nikakuita mukaidi.

Munganga akabandika Masika tufili, tunyaya twa umeme, mingi ku kichwa, akamupatia kitabu asome. Masini ilikuwa na tubic, tukalamu twenye kuandika ku karatasi kazi ya bongo. Tule tubic tulikuwa tunatembea polepole ku karatasi. Masika akanyamaza. Wee! Tubic twote tukaruka juu na chini, fujo tupu! Kisha tukatulia, naye akaendelea kusoma. Munganga akamuuliza habari ya kile kipande cha katikati. Wapi, hakuna kitu alishika. Munganga akaniambia: "Mwalimu, huyu mutoto hakatai kusikia. Ile wakati bongo yake haipokei kitu. Ni ugonjwa, na dawa iko."

Dawa iko! Yesu wangu, nilikaa chini ku sakafu.

Sababu niliona tena mu kichwa ile siku ya masasi, risasi zikilia kila pahali, tukikimbilia kijiji cha Vuhovi. Ulisimama katikati ya barabara na furushi ku kichwa. Nikapiga kelele: "Kimbia!" Ukaniangalia bila kuniona. Nikasema, ukaidi tena, acha nivute Mama, huyu atafuata mwenyewe. Sasi ikakupata pale pale. Nilikuacha, Kahindo. Nilikuacha!

Na ku kilio chako niliambia batu wote: "Alikataa kunisikia." Mama aliamini. Mpaka leo, kila misa, anakuombea kwa Mungu msamaha wa kukosa utii.

Basi lala, leki yangu. Masika sitamuchapa, na dawa atakunywa, hata kama vita itafunga njia. Lakini Mama iko inje anachambua maharagi, na minaenda sasa hivi kumuambia aache kukuombea msamaha. Kama angali na nguvu ya kuomba, aombee mimi.

Yaya yako,
Kambale