Mkufu Uliopoteza Wekundu Wake

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Nayan Mahesh Soni
Umri: Miaka 58
Kazi: Sonara
Makazi: Parklands, Nairobi

Nina duka la kutengeneza mapambo katikati ya jiji. Mnamo tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, alikuja mteja wangu wa siku nyingi, Hannah Waithera wa Mountain View. Alileta mkufu alioachiwa na nyanyake, wenye garneti kumi na moja, yale mawe mekundu ya zamani. Alitaka nimsafishie.

Niliuloweka kwenye maji moto ya sabuni kama ninavyofanya bangili za dhahabu. Huo ulikuwa uzembe wangu. Mikufu ya zamani namna ile huzibwa nyuma, na chini ya kila jiwe huwekwa karatasi nyembamba ya madini ili ling'ae. Maji yakipenya, karatasi huharibika. Nilipoutoa, mawe saba yalikuwa meusi.

Hannah alirudi kesho yake, Jumanne, saa nane mchana. Aliniuliza, "Nayan, mbona hii mawe imekuwa nyeusi?"

Niliona aibu. Nikamjibu, "Mama, wazee wetu walisema garneti ikipoteza rangi, kuna mtu karibu anakutakia mabaya."

Aliugeuza mkufu mkononi. Kisha akasema, "Kwa nyumba tuko wawili tu, mimi na Kinyanjui."

Kinyanjui ni mumewe. Nilijua ndiye aliyekuwa akimdunga sindano ya kisukari kila asubuhi, kwa sababu mikono ya Hannah ilitetemeka. Hata hivyo nilimfungia mkufu wake na kumwacha aende.

Mnamo tarehe 7 Machi, saa moja jioni, alinipigia simu. Alikuwa akihema. Alisema, "Nimekataa sindano zake tangu juzi. Niambie ukweli, hiyo jiwe inaweza kukosea?"

Nilijibu, "Haiwezi, mama." Akanishukuru.

Alifariki tarehe 9. Jana dada yake aitwaye Wangu alikuja dukani na ule mkufu. Aliniambia Kinyanjui amekamatwa akishukiwa kumuua Hannah, akanisihi nije niwaeleze polisi jiwe lilivyomwonya Hannah.

Jiwe halikumwonya mtu. Ni maji yangu na mdomo wangu. Mume wake alikuwa akimpa dawa, nami nikamfanya aiogope. Najichukia kwa hilo.

Nimeyasema haya kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na yeyote.

Sahihi: N. M. Soni

Maelezo yameandikwa nami, Konstebo Milcah Syokimau, tarehe 12 Machi 2025, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Dada wa marehemu anamngoja kwenye benchi nje. Shahidi ameomba mimi ndiye nimweleze dada huyo ukweli. Nimemwambia aende amweleze mwenyewe.