Birika Halina Kosa

Jumatano, 4 Machi

Birika la umeme limeanza ujinga wa lile lililokufa Januari. Linajizima kabla maji hayajachemka. Jana Mkubwa, kifungua mimba wangu, alipitia hapa akitoka kazini. Funda moja tu, kikombe chini. Mama, chai haijachemka hii. Nikamwambia imechemka. Akaniangalia kwa huruma. Mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati ananionea huruma kwa sababu ya chai ya uvuguvugu!

Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia mvua: Mama, leo siku gani?

Jumanne, nikasema. Unataka na tarehe?

Ndiyo maana nimeanza kuandika hapa. Siku na tarehe juu, kila mara. Si kwa ajili yao. Ni mimi nijue kwamba najua.

Alhamisi, 5 Machi

Kitinda, binti yangu wa mwisho, amepiga simu. Sauti ya asali. Nilikaa kwenye swichibodi ya simu mpaka nikastaafu, nikiunganisha watu na maneno yao, kwa hiyo najua: binti anayeanza na "mama yangu kipenzi" ana lake.

Kaka yake ameshamweleza. Glasi zina ukungu, siku hizi sizioshi vizuri. Mataulo yamekuwa makavu kama mbao, sisuuzi. Kwenye chai mnaelea vitu vyeupe. Birika moja nimeliunguza, la pili liko njiani. Basi wamekaa, wamezungumza — wapi? mbona sikuitwa? — wameona nihamie kwake. Chumba kipo. Flati hii wapangishwe watu.

Flati hii! Baba yao, Mungu amrehemu, alizipaka rangi kuta hizi kwa mkono wake, vibaya, na sijamruhusu mtu yeyote azirudie.

Wanakuja Jumamosi ya tarehe 14 kunisaidia kufunga mizigo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi inaonekana nimelea maaskari.

Miwani kwenye friji, ile ya mwezi uliopita, hiyo ni yangu. Nakubali. Ila ya miwani ni ya miwani. Nisibebeshwe na ya birika.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeosha glasi moja mara tatu. Nikaifuta, nikaiinua dirishani. Ukungu uko palepale. Sabuni haitoi povu, inaganda tu kama mtindi ulioharibika.

Nimeogopa. Niandike tu, nani ataona. Labda kweli mikono inafanya kazi na akili imekwenda matembezini.

Nimekaa na hofu hiyo mpaka mchana. Halafu nikakasirika, nikajisikia nafuu.

Jumatatu, 9 Machi

Leo kwenye ngazi nimemkuta bi harusi wa ghorofa ya chini. Ameshika birika lake kwa vidole viwili, kama mtu anayekwenda kutupa panya. Kulikoni, mwanangu? Limekufa, mama. Kama lile la kwanza.

Nikaomba nilione. Ndani mote ukoko mweupe, kama wa sufuria ya wali, ila mgumu wa kuvunja kucha. Nikapanda nalo juu, magoti nimeyasahau. Nikaliweka kando ya langu. Mapacha!

Fundi amemwambia ni maji. Tangu jengo letu liunganishwe na kisima kipya mwishoni mwa mwaka jana, maji ya bomba ni magumu, yana chokaa. Ukiyachemsha, maji yanaondoka na chokaa inabaki. Inang'ang'ania birika, pasi, mashine ya kufulia, inaziba hadi matundu ya bomba la kuogea. Sabuni haitoi povu. Glasi zinaota ukungu. Nguo zinakakamaa. Bi harusi alikuwa ananisomea mashtaka yangu yote, neno kwa neno, na mshtakiwa ni bomba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kiko jikoni, kinadondoka tone tone.

Nikamwuliza mumewe alisemaje birika la kwanza lilipokufa. Alisema pole, akanunua jingine.

Basi. Pole, na birika jipya. Hakuna aliyemwuliza leo siku gani.

Jumanne, 10 Machi

Nimempigia Mkubwa, nimemweleza yote. Haya mama, akasema. Ile haya anayoambiwa mtoto aliyeona simba chini ya kitanda. Mama, maji ni yaleyale. Nikamwambia si yaleyale, ni ya kisima, njoo uangalie birika la bi harusi wa chini. Huyo binti anakupa moyo tu, mama. Tutaongea Jumamosi.

Nikakata mimi kwanza. Angalau hilo.

Alhamisi, 12 Machi

Dawa ya bi harusi: malimau. Unayakata, unayachemsha ndani ya birika, unayaacha yaule ukoko.

Nimo jikoni, nimeinamia birika, Mkubwa akaingia na ufunguo wake, hodi hakuna. Ameleta masanduku. Akachungulia. Malimau na maganda yake, vipande vyeupe vinaelea.

Mama, unapika nini?

Ukoko, nikasema. Neno likiwa bado mdomoni nikajua nimejimaliza.

Akatoka kibarazani kumpigia dada yake. Alinong'ona, lakini sikio la swichibodi halistaafu. "Malimau... ndani ya birika... ndiyo, mazima." Si mazima. Niliyakata vipande vinne vinne.

Baada ya kuondoka nilisuuza, nikachemsha maji. Yamechemka mpaka kifuniko kinacheza. Nikanywa chai peke yangu, ya moto, ikaniunguza ulimi, na sijawahi kufurahia kuungua hivyo.

Jumamosi, 14 Machi

Kitinda alikuja jana jioni, akalala hapa. Asubuhi akatoa kichwa bafuni: mama, sabuni gani hii, mbona haitoi povu? Yako hiyo, nikamjibu, umekuja nayo kwenye begi lako. Maji yakaendelea kumwagika.

Baada ya chai akaninyang'anya vyombo. Pumzika mama, leo naosha mimi. Nikasimama mlangoni. Akaosha glasi, akaifuta, akaiinua dirishani. Akairudisha kwenye sinki. Akaosha tena. Akaiinua. Safari ya tatu alisugua mpaka kiwiko kikatetemeka. Sikusema neno. Kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Alipoiinua mara ya tatu nikamwuliza taratibu: Leo siku gani, mwanangu?

Akaishusha glasi, akaitazama. Si kwamba hakujua.

Honi ya Mkubwa ikalia chini. Nikaenda nikatia komeo, nikakaa juu ya sanduku, nikachukua kalamu. Anayelitaka alibebe na mwenyewe juu. Sasa yuko nje, ufunguo unazunguka bure. Mama, fungua. Mama? Dada, mko salama humo?

Kitinda ametoka jikoni, glasi ingali mkononi. Amesimama kati yangu na mlango. Mkono umefika kwenye komeo, nikadhani ndiyo basi. Haufungui.

Anaongea na ubao wa mlango, sauti ndogo: Kaka, siku ile ulipoona glasi chafu, wewe mwenyewe uliosha hata moja?

Nje ufunguo umeacha kuzunguka. Namsikia anapumua.

Mimi nimekaa. Sina haraka.