Siku za Likizo za Simiyu

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Kitale. Goti lako linaendeleaje na baridi hiyo ya Cheptais? Ningepiga simu pale dukani wakuite, lakini habari hii sikutaka ipitie kwa watu.

Mama, sitakuja kuvuna mahindi. Likizo yangu nimeitoa, na nataka ujue kwa nini.

Nilikwambia wakubwa waliniweka nisimamie akiba ya likizo ofisini. Kila mfanyakazi anatoa siku zake chache, ili mwenzetu akipata shida akae nyumbani bila kukatwa mshahara. Siku zilizobaki kwenye akiba zilikuwa zimetengewa Simiyu tu, dereva wetu, ambaye figo zimemlaza kwake Bungoma. Ndipo Chebet, karani wetu kutoka Kapsokwony, akajifungua kabla ya wakati. Likizo yake ya uzazi ikaisha mtoto akiwa bado kwenye mashine hospitalini. Niliomba watu waongeze siku. Wengi wakasema ati walishatoa.

Jumamosi nikaenda kumwona Simiyu. Nilimkuta nje na mkewe wakichambua maharagwe. Amekonda sana. Habari za Chebet zilikuwa zimeshamfikia.

"Mpe hizo zangu," akasema. "Mimi sijui kama nitapona. Huyo mtoto ndiye anaanza."

Nikamweleza kwamba mshahara wake utasimama. Akasema anajua. Mkewe hakuinua macho, ila mikono iliacha maharagwe.

"Msimamizi ni mimi," nikamwambia, "na sizichukui."

Alikasirika, hata kuniaga akakataa. Mkewe alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono kwa muda.

Jumatatu niliwasimulia wenzangu maneno ya Simiyu. Sikumlaumu mtu. Nikatoa siku zangu zote, mhasibu akafuata, halafu wengine. Juzi mtoto alitolewa kwenye mashine, sasa ananyonya mwenyewe. Nilimpigia Simiyu kumwambia. Akaniuliza mtoto ana nywele nyingi ama kidogo. Nikajua amenisamehe.

Mwombe shangazi na vijana wake wakusaidie shambani, na wewe usiinue magunia. Nisalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na jirani yetu anayekukamulia ng'ombe.

Simiyu bado anaumwa. Jioni ukisali, mtaje yeye kabla yangu.

Ni mimi binti yako,
Nekesa