Siku Niliyokukana Katika Ofisi ya Kijiji

Mpendwa kaka Nestori,

Barua hii itasomwa na wengi kabla haijakufikia huko Muyama. Nimetaka iwe hivyo, kwa sababu nilichokutendea nilikitenda mbele za watu.

Mama yangu alipolazwa hospitali ya Kabanga nikiwa mchanga, mama yako ndiye aliyeninyonyesha. Tukakua kama watoto wa tumbo moja. Unakumbuka tulivyokwenda kuiba miwa kwa katekista? Mimi nilinasa kwenye ua wa miiba, ukarudi kunitoa, ukakamatwa wewe. Ulichapwa peke yako na hukunitaja.

Na nilipogombea uenyekiti wa kijiji, wewe ndiye uliyezunguka na baiskeli nyumba kwa nyumba. "Huyu akipata," ulikuwa unawaambia, "hata asiye na mtu atasikilizwa."

Nikapata. Kisha jirani yako wa kule bondeni akasogeza mpaka, akaingia kwenye shamba lako hatua kumi na zaidi. Ulikuja ofisini kulalamika. Nikakwambia njoo Jumatatu. Ukaja Jumatatu, nikakwambia ngoja kwanza. Jirani yule alikuwa na ukoo mkubwa, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Yeye hakungoja. Alikwenda kukushtaki uhamiaji kwamba wewe si raia, kwamba wazazi wako walikimbia kutoka Burundi na mwenyekiti anakuficha.

Wazazi wako walipewa uraia, kaka. Karatasi ziliungua pamoja na nyumba yenu, na mimi nilikuwepo, nilibeba maji ya kuzimia ule moto. Nilijua kila kitu.

Walikuleta ofisini saa nne asubuhi, mgambo wawili wamekushika, miguu yako ina matope ya bondeni. Ofisa wa uhamiaji aliniuliza kwa upole tu, "Mwenyekiti, huyu unamfahamu? Ni raia?" Mlangoni watu walikuwa wamejaa, na jirani yako mbele yao. Nikajifanya kupekua daftari la wakazi.

"Namwona tu hapa kijijini," nikasema. "Asili yake siijui."

Hukupiga kelele. Ulisema mara moja tu, "Eh, Zabroni." Wakakupakia kwenye gari kwenda mahabusu Kibondo.

Jioni ile mama yako alikuja kwangu. Hakuketi. "Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, "nenda kaseme tu unalolijua." Nikamjibu kwamba suala hilo liko mikononi mwa serikali. Nestori, nilimjibu hivyo nikiwa na mhuri wa serikali mezani, mimi niliyekuwa naongoza kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji! Akaondoka. Alihangaika kwenye ofisi za Kasulu siku nyingi, mama mzima wa umri ule, mpaka akapata nakala ya cheti cha baba yako. Ndipo wakakuachia. Maharage yako yalikuwa yameshavunwa na jirani. Ukachukua mke na watoto, ukaenda ukweni Muyama bila kupita kwangu.

Nilishinda uchaguzi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Watu walinipongeza, nikachinja mbuzi.

Nimekaa na aibu hii muda mrefu. Nikikutana na mama yako njiani najifanya naongea na simu. Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, nilisimama nikaeleza yote, kuanzia mpaka wa shamba hadi neno nililolisema. Bibi mmoja anayeuza mihogo sokoni akainuka.

"Ulikuwa unaogopa nini, mwenyekiti?"

"Kura," nikasema.

Jirani yako alitoka. Kiti nimekiacha, na maelezo yangu kuhusu mpaka nimeyapeleka baraza la kata nikiwa shahidi. Wanasema lazima wewe mwenyewe uwepo ndipo wakae na pande zote mbili. Sina haki ya kukuomba urudi. Nakwambia tu kwamba safari hii nitasema, hata usipoweza kunitazama usoni.

Jumamosi nakuja Muyama. Nitakuja mchana kweupe, siku ya gulio, watu wakiwepo. Kama unataka kunifukuza, nifukuze mbele yao.

Wasalimie shemeji na watoto, kama utaona inafaa.

Mdogo wako,
Zabroni