Pango Walilolijua Watoto

Charleroi, Ubelgiji, 9 Machi 1959

Kwako mdogo wangu Stamos,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu ya mama imepungua kuvimba. Shemeji yako Vasilo na mtoto wanakusalimu. Umeniuliza kama utie sahihi mkataba wa kuja huku mgodini kabla ya Pasaka. Nitakujibu, ila kwanza nikueleze jambo.

Kila Jumamosi watoto wetu hujifunza Kigiriki katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao, Bi Evanthia, anawaandikia vijitabu vya wanafalsafa wa kale kwa Kigiriki cha jikoni, si kile cha ofisini kilichonifukuza mimi shule nikiwa darasa la nne. Mwezi uliopita aliandika habari ya watu waliofungwa minyororo pangoni tangu utotoni. Wanatazama vivuli ukutani wakidhani ndiyo dunia, mpaka mmoja anatoka na kuliona jua. Ili watoto wacheke, akaongeza kwamba waliobaki ni wajinga.

Asimina wangu alirudi hataki kula. Mama yake akambembeleza kwa pai ya mboga, wapi. Mwisho akaniuliza, "Baba, kwani wewe ni mjinga? Mbona kila siku unarudi pangoni?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na buti zangu za kazi, nikitaka ugomvi. Nilimwambia mwalimu kwamba kule chini tuko mita mia tisa, na mjinga hamalizi wiki. Hakukasirika. Alinikalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanigusa kidevu, akasema, "Haya, Bwana Pantazis, mwenye pango ni wewe. Sema, tuandike."

Watoto wakanizonga kwa maswali. Nikawaambia kule huoni zaidi ya pale taa yako inapofika, na anayeijua njia ya kutoka hamcheki mwenzake, humshika mkono. Mwalimu akafuta "wajinga", akaandika maneno yangu. Mimi huyu, Stamos, nimo kitabuni. Asimina anaringa mpaka wenzake wanamwita binti wa mwanafalsafa.

Lakini tangu siku ile sina raha, kwa sababu yako. Ile picha niliyokupelekea, nina suti na saa, nimeegemea gari: suti na saa ni za mpiga picha, gari ni la daktari wa mgodi. Wote tunapigwa picha hapohapo, tunavuana tai mlangoni. Niliona haya ujue kwamba tunalala kwenye kibanda cha mabati walichojengewa mateka wa vita, na kwamba nakohoa vumbi jeusi.

Usitie sahihi. Daktari anasema mapafu yangu yatapona nikitoka sasa, na mkataba unaisha Agosti. Tunarudi sote watatu. Usiiuze ile ardhi ya tumbaku, tutailima pamoja.

Mbusu mama mikono. Mwambie ukweli wote, nimechoka kumficha.

Kaka yako,
Pantazis